Dada, usikate maziwa wala mayai kwa ajili ya hiyo karatasi

Dada, subiri kwanza. Kabla hujamgawia jirani ile trei ya mayai, soma hapa mpaka chini.

Kwa mnaoingia sasa hivi: dada ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili mwenye pumu ya ngozi. Kampeleka kupima damu ya aleji, majibu yametoka hivi: yai 0.92, maziwa ya ng'ombe 0.61, ngano 0.5, karanga 1.4, na IgE ya jumla, yaani kingamwili za aleji zote kwa pamoja, 1,180. Maabara wamegonga "chanya" kwa wino mwekundu kila mstari, wakamwambia aache vyote. Anauliza aache kwa mpigo au kimoja kimoja, ahamie maziwa ya mbuzi au la, amwogeshe kwa sabuni gani, na nguo zifuliwe kwa sabuni ya unga au ya mche. Karanga hajawahi kumpa. Halafu katikati kabisa, kama vile ni jambo la kupita tu, kaandika kwamba maziwa mtoto anakunywa kila siku na yai anakula "bila shida yoyote".

Hayo maneno matatu yana uzito kuliko karatasi nzima. Huyo aliyekupa majibu alikuuliza? Nina hakika hakukuuliza. Wetu naye hakuuliza.

Karatasi ya namna hiyo ninayo kabatini. Sisi tuko Mwanza, mwanangu akiwa na umri kama wa wako alikuwa anajikuna mpaka shuka zina damu, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imekuwa ngumu na nyeusi. Tukaambiwa kuna kipimo kimoja kinapima vitu vyote. Kweli kilipima vyote. Kikaonyesha mwanangu ana "aleji" ya njugu fulani za Ulaya zinazowekwa kwenye chokoleti, ya samaki wa bahari za baridi, na ya chavua ya mti ambao haujawahi kuota kati ya hapa na Sengerema. Mtu mwenye akili angeanzia hapo kuuliza maswali. Mimi nikatoa hela ya kodi, nikachukua risiti.

Kipimo hicho kinatafuta kingamwili ziitwazo IgE dhidi ya chakula fulani. Maabara nyingi zikiona 0.35 na kuendelea zinaandika chanya. Lakini chanya maana yake ni kwamba mwili umetengeneza hizo kingamwili, basi. Mtoto anaweza kuwa nazo na akala chakula hicho maisha yake yote bila kitu kumtokea. Na watoto wa pumu ya ngozi ndio hasa wanaozitengeneza kwa wingi, kwa sababu ngozi yao imepasuka na chembe za chakula zinapenya humo humo. Ukiona IgE ya jumla imepita elfu, tegemea vichanya vidogo vidogo kila mahali. Minyoo nayo inapandisha IgE. Kuna utafiti wa Ghana uliochapishwa 2013: watoto wa shule walikutwa na IgE za karanga kwenye damu na karanga wanakula vizuri tu. Kilichokuwa kinashikwa na kipimo, kwa sehemu kubwa, ni sukari zilizoko kwenye mimea mingi na hata kwenye vijidudu kama vya kichocho, na hizo kwa kawaida hazimdhuru mtu. Sasa sisi tunaoishi kando ya ziwa hili tuseme nini?

Halafu namba zenyewe. Hiyo 0.61 yako kwenye madaraja yao ni daraja la 1, na madaraja yanapanda mpaka 6, yaani zaidi ya 100. Kwa maziwa, madaktari waliowahi kupima watoto na kuwajaribisha chakula chenyewe waliona namba inabidi ifike karibu 15, au 5 kwa walio chini ya miaka miwili, ndipo uwe karibu na uhakika kwamba mtoto atadhurika. Na hata ikiwa kubwa, namba inakuambia uwezekano wa kudhurika. Haisemi atadhurika kwa ukali gani. Hili mimi nililijua baadaye sana, nimekaa kwenye benchi la hospitali usiku.

Sasa sikia tulichofanya. Tulikata maziwa. Tukakata mayai. Karanga na soya zilikuwa kwenye orodha, kwa hiyo uji wa lishe nao ukaondoka, maana utaupata wapi usio na soya wala karanga? Ngano: mkate, chapati, maandazi, kwaheri. Samaki "chanya", basi na dagaa marufuku, nyumba iko Mwanza hiyo! Mtoto akabaki na ugali, ndizi, mchicha na parachichi. Ngozi ikawaje? Vile vile. Anajikuna vile vile. Tukasema labda bado kuna kitu kimejificha, tukakata na nyanya.

Kliniki mstari wake kwenye kadi ukaanza kulala, ukatoka kwenye kijani ukaingia kijivu. Nesi akamzungushia ule utepe wa mkono, akasoma, akasoma tena. "Baba, mnamlisha nini huyu?" Nikatoa karatasi yangu kwa fahari kama mwanafunzi aliyefaulu. Akaiangalia akanirudishia. "Hii karatasi haina kilo hata moja." Nikamwona mshamba. Nesi wa watu.

Lakini kilo zilirudi. Kisichorudi ni hiki, na ndicho kimenifanya niandike yote haya saa hizi.

Mwanangu kabla ya karatasi alikuwa anakunywa maziwa asubuhi na jioni. Hakuwahi kutapika, hakuwahi kuvimba, hakuna. Tukamkatia muda mrefu, kupita mwaka. Siku moja mama mkwe kaja kutoka Bukoba, yeye hiyo karatasi hakuwahi kuiamini, akamwona mjukuu mifupa inahesabika, akampikia uji wa maziwa. Alikunywa vijiko vichache. Mdomo wa chini ukaanza kuvimba tukiwa tunaangalia, mabaka yakapanda kutoka shingoni kwenda usoni, akatapika, kisha akaanza kukohoa kikohozi kikavu na sauti ikakatika. Bodaboda, mtoto katikati, mimi nyuma. Walianza na piriton, dakika zinakwenda, mpaka alipofika daktari mmoja akaagiza adrenalini ya pajani hapo hapo. Baada ya hiyo sindano ndipo alipumua. Mama mkwe alikaa chini kwenye korido anasema nimemuua mjukuu wangu. Hakumuua yeye. Nilimweka tayari mimi, kwa risiti.

Madaktari wa aleji wanalijua jambo hili na wameliandika: mtoto wa pumu ya ngozi mwenye IgE ya chakula lakini anakila bila madhara, ule ulaji wa kila siku ndio unaoufanya mwili wake uendelee kukivumilia. Ukikiondoa muda mrefu, uvumilivu unaweza kupotea, na ukikirudisha anapata aleji ya papo hapo ambayo hakuwa nayo. Haitokei kwa kila mtoto. Kwetu ilitokea. Leo yuko shule, kila sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake napigiwa simu kuulizwa keki. Watu wananunua viwanja, mimi nimenunua aleji ya maziwa.

Na yule kijana wa maabara! Tabasamu, kalamu ya kung'aa, "mzee hapa tumepata chanzo". Chanzo gani? Hukuuliza mtoto anakula nini, hukuuliza akila kinatokea nini, hukumvua shati uone ngozi. Uliuza orodha. Na yule dada wa kwenye grupu la WhatsApp anayejiita mtaalamu wa lishe, aliyesoma picha ya karatasi yangu kwa sekunde chache akaniandikia "sumu hizo, ondoa zote", kisha akaniuzia unga wake. Sikutaja majina, anayejijua anajijua. Na kabla hujafika huko: wale wa kukushikisha kichuma mkononi kompyuta ikatoa kurasa za magonjwa, wapite mbali. Kipimo cha IgG za chakula, kingamwili za aina nyingine, nacho hivyo hivyo. IgG inaonyesha ulikula nini, na hilo unalijua bila kutobolewa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hapa jukwaani mpaka mods wanifungie: chakula ambacho mtoto anakila na hadhuriki, HAKIONDOLEWI kwa sababu ya namba. Kila mstari wa karatasi yako uandikie pembeni, kwa kalamu, akila hiki kinatokea nini ndani ya saa mbili? Mabaka, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa, kulegea? Kama hakuna, na anakila mara kwa mara, endelea kumpa. Yai endelea. Maziwa endelea. Chapati mpe.

Kama KINATOKEA, hapo usimjaribishe nyumbani hata kwa ncha ya kijiko, nenda kwa daktari. Na karanga, kwa kuwa hajawahi kuonja, ana pumu ya ngozi na damu inasema chanya, usimpe wewe jikoni, ila usizipige marufuku ya milele pia. Tafuta daktari wa watoto au wa ngozi anayeweza kumjaribisha hospitalini kidogo kidogo, dawa ikiwa karibu. Na usikae nalo. Utafiti wa LEAP wa Uingereza, 2015, ulichukua watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai. Walionyimwa karanga mpaka umri wa miaka mitano, waliopata aleji ya karanga walikuwa asilimia 17. Waliokuwa wanapewa, asilimia 3. Kunyima nako kuna bei yake.

Maziwa ya mbuzi sahau. Mwenye aleji ya kweli ya maziwa ya ng'ombe karibu kila mara ya mbuzi nayo yatamdhuru, protini zake zinafanana mno. Na asiye na aleji anahama kwenda wapi?

Ngozi yenyewe ilitulizwa na nini? Na tube ya steroidi ya bei ya kawaida, tuliyokuwa nayo siku zote. Tulikuwa tunaipaka kwa woga, kachembe, kwa sababu mtaani steroidi ni mkorogo. Bingwa mmoja wa ngozi aliyesomea Moshi akaikamua kwenye ncha ya kidole chake mpaka kwenye mkunjo wa kwanza, akasema hii inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, paka usiku, paka mpaka iishe kukwaruza, halafu mafuta mazito ya mgando juu yake kutwa. Wiki ile ile mtoto alilala usiku mzima. Maziwa alikuwa hayanywi na alikuwa hajui hata yalimkosea nini.

Dada, karatasi usiitupe, mpelekee daktari. Ila huyo aliyekuambia uache vyote, rudi kwake umuulize mtoto atakula nini kesho asubuhi, mchana na jioni. Aandike menyu. Na aweke sahihi.