Anti, nimekatwa tumbo kwa milioni 11 na ngozi bado inaning'inia

"Shikamoo Anti. Nina miaka 36, naishi Tabata, watoto watatu wote wa kike, wawili wa mwisho kwa operesheni. Nilikuwa na kilo 101 nikapambana na dayati na mazoezi mpaka 74 ila tumbo likabaki ngozi tupu, nikivaa jinzi nalikunja ndio naliingiza ndani. Nikampata ajenti Insta anapeleka watu Uturuki, nikalipa kama milioni 11 na nauli humo humo, nyingine akiba yangu nyingine nikakopa kikoba, mume anajua nilienda ila bei anajua nusu. Sasa ni mwezi wa 5. Chini pamelala kiasi, ila juu ya kitovu ngozi bado ipo, nikiinama inajikusanya, kwenye nyonga kuna vinyama vimechomoza huku na huku, jioni tumbo linajaa, na chini ya kitovu sihisi kitu hata nikijifinya. Kitovu chenyewe hawajakigusa kiko vilevile. Mama anataka anikande maji ya moto. Ajenti anasema nirudi watanifanyia tena kwa punguzo ila nilipe kabla mwezi haujaisha. Nawaza kuuza kiwanja chetu cha Chanika. Usiku nalala na dera na taa nazima. Mama mkwe naye anauliza wa kiume lini. Kwa mawazo nimeshuka hadi kilo 69. Nifanyeje Anti?" – Mama Watatu

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana kwakweli.

Kwanza kabisa kiwanja usiuze. Huyo ajenti anayekupa mpaka mwisho wa mwezi mjibu "asante nitakutafuta" halafu nyamaza, operesheni ya tumbo siyo ofa ya vitenge Kariakoo kwamba ukichelewa mzigo umeisha. Mtu anayejali tumbo lako angekuuliza unaendeleaje, angetaka kuona mshono, asingeanza na tarehe ya kulipa.

Sasa tuje kwenye kitovu maana mimi barua yako yote imenikamata hapo. Tami taki, yaani operesheni ya kukata ngozi ya tumbo iliyozidi, ile kamili inavyofanyika ni hivi, daktari anakata chini kabisa karibu na kinena kuanzia nyonga hii mpaka nyonga ile, anainyanyua ngozi na mafuta yake kuitenganisha na misuli mpaka juu karibu na mbavu, misuli iliyoachana kwa sababu ya mimba anaishona irudi katikati, halafu ile ngozi ya juu anaivuta chini na inayozidi anaikata. Kitovu chenyewe kimeshikiliwa na misuli kwa ndani hakiwezi kushuka na ngozi, kwahiyo wanakikata kukizunguka, kinabaki palepale, ngozi ikishavutwa wanatoboa tundu jipya na kukitokeza hapo. Ndio maana aliyefanyiwa ile kubwa ukimwangalia vizuri utaona kamshono kamezunguka kitovu, na mara nyingi kitovu kinabadilika hata umbo. Wewe unaniambia chako hakijaguswa kiko vilevile.

Mwanangu mimi sijakuona na siyo daktari wako ila kwa maelezo hayo kuna uwezekano mkubwa ulifanyiwa ile ndogo, wanaiita mini. Hiyo inakata ngozi ya chini ya kitovu tu, na misuli wakiigusa wanagusa ya chini. Huku juu hawaendi. Kwahiyo hiyo ngozi ya juu unayoilaumu imegoma kukaza wala haijagoma, haikufanyiwa kitu. Na mini ni ya mtu ambaye tatizo lake ni kidogo, labda mwembamba aliyezaa akabaki na kangozi pale juu ya mshono wa operesheni. Mtu aliyeshuka kilo 27 na mimba tatu juu yake, kumpa mini ni kumshonea nusu gauni, na ajenti alitakiwa alijue hilo au amuulize daktari kabla hajapokea hela.

Kwahiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya kufikiria ndege tena, ni kuomba ripoti ya operesheni. Siyo risiti, siyo ile barua ya kuruhusiwa, ripoti yenyewe inayosema walikata wapi, waliondoa ngozi kiasi gani, misuli waliishona kutoka wapi mpaka wapi, na kitovu walikifanyaje. Ni haki yako kuiomba, iombe hospitali moja kwa moja kwa imeili siyo kupitia ajenti, na waambie waitume kwa Kiingereza. Meseji zote mlizochati na huyo ajenti usifute hata moja, piga skrinshoti weka pembeni, hasa pale alipokutajia aina ya operesheni na bei. Kama ulilipia kubwa ukafanyiwa ndogo hapo una kesi ya kudai, na kule Uturuki hospitali na mawakala wanaopokea wagonjwa wa nje wanatakiwa wawe na kibali cha Wizara ya Afya ya kwao, muulize ajenti namba ya kibali chake uone atajibu kwa kasi ileile ya kutuma ofa. Kama kwenye makaratasi uliyosaini iliandikwa mini tangu mwanzo basi madai yatakuwa magumu, ila angalau utajua umesimama wapi.

Alafu kuna hili la miezi mitano. Tumbo kujaa jioni mwezi wa tano bado ni kawaida, mirija inayotoa maji mwilini ilikatwa pale kwenye mshono na inachukua muda kujiunga upya, ukisimama kutwa nzima na ukala chumvi chumvi jioni lazima uone tofauti. Madaktari wengi hawahukumu matokeo kabla ya miezi sita mpaka mwaka, na kovu lenyewe linaendelea kubadilika rangi na kulainika mpaka mwaka na nusu hivi. Nisikudanganye lakini, uvimbe utapungua, ngozi ya ziada ya juu ya kitovu haitajivuta yenyewe. Wala krimu ya kukaza ngozi haitaivuta, wala mafuta ya nazi na manjano, wala mkanda wa kubana. Ule mkanda kazi yake ilikuwa kuzuia uvimbe wiki zile za mwanzo, ukiuvua ngozi inarudi ilipokuwa. Ngozi yenye michirizi imeshachanika kwa ndani, kilichochanika hakipakwi mafuta kikaunga, kwahiyo wale wadada wa Insta wenye vikopo vya elfu 60 wapite hivi.

Hivyo vinyama vya pembeni vinaitwa masikio ya mbwa, madaktari wenyewe ndio wanaviita hivyo usinicheke. Vinatokea pale mshono unapoishia wakati ngozi nyingine bado inaendelea kuzunguka kwenda kiunoni. Vingine vinalala vyenyewe uvimbe ukiisha, visipolala vinakatwa kwa ganzi ya sehemu tu bila nusu kaputi na unarudi nyumbani siku hiyohiyo, ila kovu linarefuka kidogo kuelekea nyuma. Hicho siyo kitu cha kukupandisha ndege.

Ganzi ya chini ya kitovu nayo ni kawaida, mishipa ya fahamu ilikatwa, hisia zinarudi taratibu kwa miezi na kuna wengine kipande kidogo hakirudi kabisa. Lakini hapohapo ndio naomba unisikilize vizuri kuhusu mama na maji ya moto. Najua mama zetu, mtu ukitoka na mshono lazima akukande, na nia yake ni njema kabisa. Ila ngozi isiyohisi haikuambii maji yamezidi, utaungua malengelenge uje ushtuke kesho yake ukivua nguo. Mwambie mama daktari kakataza, usimwambie Anti kakataza atakuja kunigombeza.

Ila ukiona tumbo upande mmoja limejaa ghafla na ukiligonga linacheza kama kuna maji, au mshono umekuwa wa moto mwekundu unatoa usaha au harufu, au homa, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo usisubiri nikujibu mimi.

Sasa daktari umwone hapahapa nyumbani. Unayemtaka anaitwa bingwa wa upasuaji rekebishi, Muhimbili wapo, na Mloganzila siku hizi wanafanya mpaka hizi za kurekebisha shepu, kwahiyo hutakuwa wa kwanza kuvua nguo mbele yao kwa sababu hii. Ukitajiwa mtu binafsi, ulizia kama amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika na kwa ubingwa gani, maana kuna watu wana koti jeupe na taa ya duara ya kurekodia basi. Mwendee na ile ripoti. Mwambie akupime misuli pia, atakulaza chali atakuambia unyanyue kichwa, kama katikati kunatokeza mwinuko juu ya kitovu basi misuli ya juu bado imeachana na hiyo nayo, mbali na uvimbe, inaweza kukufanya uonekane una mimba jioni hata ukikonda vipi. Muulize wazi, mimi nikifanyiwa ile kamili itanisaidia kiasi gani, na mshono wangu wa sasa utaingiaje humo. Kuna watu walioshuka kilo nyingi ambao hata ile ya nyonga kwa nyonga haiwatoshi kwa sababu ngozi imezidi mpaka kwa upana, wanaongezewa mkato wa wima katikati ya tumbo, matokeo yanakuwa mazuri ila kovu linabaki la kusimama kuanzia juu mpaka chini, na sisi ngozi zetu nyeusi kwa keloidi, yale makovu yanayovimba, unazijua. Angalia kovu lako la uzazi na hili jipya, kama yamevimba na kuwasha mwambie mapema kuna sindano na silikoni za kubandika, asikukate tena kabla hamjaongelea hilo.

Na hakuna daktari mwenye akili atakayekupeleka chumba cha upasuaji sasaivi wakati uzito wako bado unashuka. Umetoka 74 mpaka 69 kwa mawazo, hizo kilo tano nazo zimeacha ngozi yake, sehemu ya hiyo unayoiona juu ya kitovu ni ya kwako mwenyewe uliyoiongeza kwa kutokula. Kula mwanangu, mayai maharage samaki, kidonda kinajengwa na hivyo. Uzito ukae palepale miezi sita hivi ndio wapime.

Halafu mama mkwe. Hapa ndio penye operesheni yenyewe kwa maoni yangu. Wewe na mumeo mnataka mtoto wa nne au hamtaki? Siyo mama mkwe, wewe na mumeo. Maana mimba baada ya tami taki inabebeka, hilo lisikutishe, ila inavuta ngozi na misuli upya na hela yote inarudi pale ilipoanzia. Kama jibu ni ndiyo au hata labda, basi operesheni nyingine isubiri mpaka uzae umalize. Ningeshangaa sana kama ajenti alikuuliza hili swali, na wewe kwenye barua umeliandika mstari mmoja tu pale mwishoni kana kwamba halihusiani.

Nakuja kwenye milioni 11. Mumeo anajua nusu, nusu nyingine iko kikoba na marejesho hayalali. Wewe unajua na mimi najua kikoba kikikudai hakikufuati kazini, kinakuja sebuleni na mwenyekiti na mdhamini wako na wanaangalia televisheni wanaangalia friji, na siku hiyo mumeo ndio atajua bei ya tumbo lako mbele ya majirani. Mwambie kabla yao. Chagua siku ameshiba, mwambie nilikudanganya bei, nilikopa, nadaiwa kiasi hiki na nalipa hivi. Atakasirika, ana haki, mwache akasirike usianze kujibu na ya kwake ya mwaka juzi. Na kile kiwanja umesema "chetu", mnunuzi anayejielewa atataka saini yake kwenye mauziano, kwahiyo hiyo siri ilikuwa inakufa tu hata hivyo, bora ife ukiwa bado na kiwanja.

Na dera la usiku. Kabla ya operesheni ulikuwa unalala nalo? Kwenye barua dera na kuzima taa vinatokea baada ya Uturuki, kwahiyo mwanaume aliyeishi na lile tumbo la kukunjwa kwenye jinzi miaka yote bila taa kuzimwa leo anazimiwa taa, unadhani yeye anawaza ngozi? Anawaza kuna mtu. Muulize. Na ukikaa ngozi ikijikunja usikimbilie kioo, kila binadamu akikaa anajikunja hata yule msichana wa kwenye picha ya ajenti, amesimama wima kavuta pumzi ndio maana hujaona.

Ripoti ikija niandikie jina la operesheni lililoandikwa humo na walichosema kuhusu kitovu tukae tuangalie. Picha usinitumie, hii simu wajukuu wanachezea gemu.