Re: Konsentreta ya oksijeni inapuliza, lakini taa ya njano haizimi

Habari ndugu. Nimekuelewa: konsentreta (mashine inayotenga oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 kwa dakika kwenye kituo unachopita Jumamosi inatoa hewa, ila taa ya oksijeni pungufu haizimi, na unataka kuagiza zeolaiti, zile chembe za ndani zinazonasa naitrojeni. Usiagize bado.

Iwashe dakika 15 kwenye lita 5, chupa ya maji ikiwa imetolewa, kisha pima kwa analaiza, kifaa cha kupima asilimia ya oksijeni. Mashine isiyo na hitilafu hutoa oksijeni ya karibu asilimia 93. Chini ya 82 haifai kwa mgonjwa. Bila analaiza unabahatisha tu.

Pima pia volti kompresa ikizunguka. Chujio la sponji osha kwa sabuni, likauke kabisa; ukilirudisha bichi unyevu unaiua zeolaiti. La ndani halioshwi, linabadilishwa. Kinachosahaulika ni sailensa ya kutolea naitrojeni: ikiziba, naitrojeni haitoki vizuri na usafi wa oksijeni unashuka hata kama kompresa ni mpya.

Viungo vya mipira vipake povu la sabuni kwa brashi, mbali na bodi ya umeme. Presha ikilingana na kitabu cha mashine, vali zikapokezana kupeleka hewa kwenye mitungi miwili ya zeolaiti, hakuna kinachovuja na bado usafi uko chini, hapo sasa ni zeolaiti. Badilisha mitungi yote miwili, na vizibo vya mipya uvitoe wakati wa kufunga tu.