Mkwaruzo wa Gari: Pitisha Ukucha Kwanza

Tanga ni mji wa baiskeli. Ukiegesha gari Ngamiani ukaingia dukani, si ajabu kutoka na kukuta usukani wa baiskeli umeacha mstari mlangoni. Naomba usikimbilie kwa fundi rangi. Mimi niliwahi kuambiwa mlango mzima upigwe msasa na kupakwa upya kwa mkwaruzo ambao nyumbani uliondoka kwa kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ya gari, na kitambaa laini. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140, ndiyo maana ni ngumu. Ukiruhusu ikwanguliwe bila sababu, ya gereji haitakuwa kama ile.

Osha sehemu hiyo kwa maji mengi, maana mchanga ulioachwa utachora mistari mipya. Ikikauka, pitisha ukucha ukivuka mkwaruzo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukucha usipokwama, na ukilowanisha maji alama ikapotea, kilichoumia ni klia tu, ule utando unaong'aa juu ya rangi. Kompaundi inatosha, ila unene wa klia ni kama mikroni 40 hadi 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo sugua kidogo, futa, tazama. Fanya kazi hiyo kivulini, bodi ikiwa imepoa. Na kama alama ni rangi ya gari jingine iliyoganda juu ya yako, anza na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni.

Ukucha ukikwama na ukaona bati, hapo ndipo nasisitiza sana kwa sisi wa pwani. Hewa ya Raskazone ina chumvi, na umande wa usiku huilaza hapohapo kwenye kidonda. Kutu haikai pale ilipoanzia, hutambaa chini ya rangi nzima ya jirani mpaka ivimbe. Kama huna rangi leo, kausha vizuri upake polishi ya kucha ile angavu, izuie maji kwa siku chache. Bampa ni plastiki, halishiki kutu, linaweza kusubiri.

Siku ya kuziba, ondoa hiyo polishi, kwangua kutu kwa ncha ya msasa uliokunjwa, futa kwa spiriti, kisha paka praima, ile rangi ya msingi inayoshika bati, kwa kijiti cha meno, ndani ya mkwaruzo tu. Rangi ifuate kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Tone moja nene husinyaa na kupasuka. Malizia na klia, uache kama wiki nzima kabla ya kusawazisha kwa msasa wa maji namba 2000 na kompaundi.

Dukani usiseme "nipe nyeupe." Toyota nyingi kutoka Japani zina kibati kwenye chumba cha injini au nguzo ya mlango, na namba ya rangi iko kwenye neno COLOR. 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu, na ukichukua moja badala ya nyingine doa litaonekana toka mbali. Hiyo ya lulu, mkwaruzo ukiwa mkubwa, sijishughulishi nayo mwenyewe. Naenda kwa fundi, namwomba apulize kwanza kwenye kipande cha bati, tukiweke ubavuni mwa gari mchana, juani, tuvilinganishe kabla hajagusa mlango.