Kuisoma Husuni Kubwa: kwa wanaoanza kazi Kilwa Kisiwani

Wanaoanza kazi hapa hupotezwa kwanza na jina. Husuni maana yake ngome, kwa hiyo wengi hufika wakitafuta matundu ya mizinga. Hayapo. Husuni Kubwa lilikuwa kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Ndiye aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Ngome ni jengo liitwalo Gereza, lililoko ufukweni kijijini, na ni la zama za baadaye sana. Makutani nayo ni kasri jingine, la karne ya 18. Yatenganishe majengo haya matatu kabla hujampeleka mgeni popote.

Ziara ianzie chini, baharini. Kasri limekaa juu ya mwamba, na ngazi zake zinashuka hadi ufukweni: aliyelijenga alitaka mgeni aje kwa chombo. Ukiingilia upande wa nchi kavu, unakutana kwanza na ua mkubwa wa kusini uliozungukwa na vyumba vilivyopangwa safu safu, na utadhani umeona kasri, kumbe hizo huelekea kuwa bohari za biashara. Makazi yako kaskazini, pamoja na ua wa baraza wenye ngazi za kukalia na birika la kuogea lenye pembe nane. Birika hilo lipe muda. Kisiwa hiki maji yake matamu ni ya visima, na kulijaza ilikuwa kazi ya watu wengi.

Sasa pima chumba. Tandaza futi toka ukuta hadi ukuta: vingi havizidi mita 3 kwa upana hata pale vinaporefuka sana. Sababu ni boriti za mkoko, ambazo zikipita urefu huo hupinda chini ya uzito wa dari la mawe na chokaa. Upana ukizidi, inua macho utafute dalili za kuba au tao, maana fundi alilazimika kubadili njia.

Mawe nayo ni ya aina mbili, na hapa ndipo wanafunzi wengi huandika makosa. Kuta zimejazwa mawe magumu ya mwamba wa matumbawe, yasiyo na umbo, yakashikwa kwa chokaa. Fremu za milango, vidaka na nakshi zimechongwa kwa tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa hai: bichi hukatika kwa shoka, likikauka linakuwa gumu. Usilisugue kwa brashi ya waya, hata kama limeota kuvu. Nakshi iliyodumu karibu miaka 700 inakwenda kwa asubuhi moja.

Kwenye ukarabati, saruji isikaribie ukuta huu. Chokaa hupumua, saruji hufungia ndani unyevu na chumvi ya bahari, chumvi ikikauka inaganda nyuma yake, na jiwe linameguka huku kiraka kikibaki kizima. Ukiona kiraka cha kijivu kinang'aa na mawe ya pembeni yanaporomoka unga, hiyo ndiyo sababu. Tumia chokaa iliyozimwa na kulowekwa angalau miezi 3, sehemu 1 kwa 3 za mchanga uliooshwa kwa maji baridi, usio na chumvi. Lowesha ukuta kwanza. Paka tabaka jembamba la sentimita 1, funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Likikaushwa na jua siku ile ile, litapasuka.

Anzia kileleni mwa ukuta, ambako mvua huingilia, kisha ndiyo ushuke kwenye nyufa. Na mti uliopenyeza mizizi kati ya mawe usiung'oe: mizizi hiyo sasa ndiyo inayoyashikilia. Kata shina, acha mizizi ife na kukauka yenyewe, jaza chokaa kila inapolegea.