Hesabu mishono kabla hujakata kitambaa cha Krismasi

Kuna mwaka nilimkabidhi dada yangu zawadi ya Krismasi ikiwa bado na pini ndani. Ulikuwa mfarishi wa viraka, yaani tandiko nene la matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja, mwekundu kwa mweupe, niliouanza mwishoni mwa Oktoba nikiamini kwamba miezi miwili inanitosha. Usiku wa tarehe 24 Desemba nilikuwa nimekaa sakafuni, subana kidoleni, na mistari ya kushikamanisha matabaka ilikuwa haijafika hata theluthi. Nikaukunja hivyo hivyo na kuufunga utepe. Asubuhi dada akaufungua, pini ikamchoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Utaumalizia hapa hapa, mdogo wangu, au unarudi nao?" Nilirudi nao. Uliisha mwezi Machi.

Tangu mwaka ule sichagui kazi ya Krismasi kwa uzuri wa picha. Naanza na hesabu, na ndicho ninachotaka kukushauri kabla hujanunua hata kipande kimoja cha kitambaa.

Chukua krosi stichi, yaani kutarizi kwa misalaba midogo, kwa kuwa ndiyo inayodanganya wengi. Kitambaa cha Aida cha namba 14 kina visanduku 14 kwa kila inchi. Picha yenye visanduku 70 kwa 70 ukiishona itakuwa na upana wa inchi 5, yaani karibu sentimita 13. Ukiishika mkononi ni kadi tu. Lakini ikiwa imejazwa yote, ina misalaba 4,900. Mimi nikitulia, taa nzuri, hakuna anayeniita, napiga misalaba kama 120 kwa saa. Hiyo ni kazi ya saa 41. Ukishona saa moja kila usiku, ni lazima uwe umeanza tarehe 14 Novemba ili umalize usiku wa tarehe 24 Desemba, na hapo hujaugua, hujapata mgeni, wala hujafumua kosa hata moja. Utafumua tu. Kila mtu hufumua.

Kwa hiyo pima mwendo wako mwenyewe. Shona kwa nusu saa ukiwa umeweka saa pembeni, hesabu mishono, zidisha kwa mbili. Namba utakayopata ndiyo ya kwako, usiazime ya mwenzako. Halafu tazama ramani ya picha unayoitaka: nyota ndogo ya mishono 250 ni jioni moja au mbili. Malaika mwenye mabawa yaliyojazwa rangi tano ni kazi ya kuanza Julai.

Ukiwa umechelewa na bado unataka kitu chenye tarizi, ushauri wangu ni mmoja: uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe, mistari mitupu, bila kujaza. Ni mtindo wa zamani. Katika karne ya 19 kulikuwa na rangi iliyoitwa nyekundu ya Kituruki, ambayo kwa asili ilitokana na mizizi ya mmea, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haichuji. Ndiyo maana watu waliithamini, na ndiyo maana Marekani kuna mifarishi mingi ya enzi hizo ya rangi mbili tu, nyekundu na nyeupe. Kufikia mwishoni mwa karne hiyo, kutarizi picha kwa uzi mwekundu peke yake kulikuwa kumeenea sana. Rangi moja, mshono mmoja, na macho yanaona Krismasi papo hapo.

Namna ninavyofanya ni hii. Nachora picha kwenye karatasi kwa kalamu nzito, naibandika kwenye kioo cha dirisha mchana, naweka kitambaa juu yake na kufuatisha mistari kwa penseli iliyochongwa vizuri, bila kukandamiza. Zipo kalamu za kitambaa ambazo wino wake wa buluu hutoka kwa maji. Ni nzuri, ila usithubutu kupiga pasi kabla ya kuuosha, kwa sababu joto linaweza kuugandisha wino ule moja kwa moja. Kisha nakaza kitambaa kwenye fremu ya mviringo mpaka kikipigwa kidole kilie kama ngoma.

Uzi wa kutarizi, kwa mfano wa kampuni ya DMC, huja kwenye kitita cha mita 8, na uzi huo ni nyuzi ndogo 6 zilizolala pamoja. Usizitumie zote sita. Kata urefu wa kama sentimita 45, halafu shika ncha ya uzi mmoja na uuvute peke yake, wima, huku mkono mwingine umelegeza zile nyingine. Zitajikunja kama zinajifunga fundo, lakini uzi ukishatoka zitanyooka zenyewe. Vuta wa pili vivyo hivyo, kisha uzilaze mbili pamoja. Ukizivuta mbili kwa mpigo zitasokotana na utapoteza robo saa. Kwa mistari ya picha natumia nyuzi mbili, kwa majina natumia tatu. Mshono ni ule wa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele hatua moja, inarudi kuzama pale mshono uliotangulia ulipoishia. Kwenye mikunjo fupisha hatua. Shavu la malaika likishonwa kwa hatua ndefu huwa na pembe kama boksi.

Na usiuburute uzi mwekundu kwa nyuma kutoka neno moja hadi jingine. Juu ya kitambaa cheupe kivuli chake huonekana mbele, na ukishapiga pasi huonekana zaidi. Fungia hapo, anza upya pale.

Sasa, kuhusu wekundu wenyewe. Nyekundu ya madukani siku hizi si lazima iwe na uaminifu wa ile ya Kituruki. Nimewahi kushona kitambaa cha meza chenye nyota nyekundu kwenye uwanja mweupe, wiki tatu za kazi, nikakiloweka mara moja tu ili kutoa alama za penseli. Nilipokitoa, kila nyota ilikuwa na ukungu wa waridi pembeni. Nilichokosea zaidi kilikuja baadaye: nilikata tamaa, nikakianika. Rangi iliyotoka inaweza kufukuzwa maadamu kitambaa bado kibichi. Ikikauka, na mbaya zaidi ikipigwa pasi, imehamia. Ikikutokea, kiache ndani ya maji mengi ya moto yenye sabuni ya maji, badilisha maji kila yakigeuka rangi, na uwe tayari kuendelea hivyo kutwa nzima. Usikianike mpaka umeona maji yamebaki meupe.

Afadhali zaidi kuzuia. Lowesha kona ya kitambaa chekundu kwa maji ya uvuguvugu, ilaze juu ya kitambaa cheupe cha zamani, weka pasi ya moto juu yake kwa sekunde chache, kisha inua utazame. Fanya hivyo pia kwa uzi. Ukiona hata doa hafifu, osha na usuuze mpaka liishe, au badilisha kitambaa. Mimi sasa nafua kila kitambaa cha pamba kabla ya kukata, chekundu peke yake, kwa sababu pamba pia hurudi ikioshwa, na vitambaa viwili havirudi kwa kiasi kimoja.

Kwa anayetaka mfarishi, acha ule wa kitanda kwa mwaka mwingine. Shona wa meza. Wangu ni viraka 4 kwa upana na 12 kwa urefu, kila kimoja sentimita 10 kikishashonwa, kwa hiyo unapata sentimita 40 kwa 120 kabla ya pindo. Viraka 48 tu. Nakata kila kimoja sentimita 11.5, ili kila upande uache milimita 7.5 za mshono. Kipimo hicho cha mshono ndicho roho ya kazi yote. Tuseme kila mshono umekula milimita 2 zaidi ya ulivyopanga, kitu ambacho jicho halioni. Kwenye urefu wa viraka 12 kuna mishono 11, na mwisho wake umepoteza zaidi ya sentimita 2. Safu moja ikipotea hivyo na ya jirani isipotee, pembe hazikutani, na hakuna pasi itakayozikutanisha. Mimi nabandika ukanda wa gundi juu ya bamba la cherehani, milimita 7.5 kutoka kwenye sindano, na kingo ya kitambaa inateleza kuufuata. Kwa mkono, piga mstari kwa penseli upande wa nyuma. Safu moja laza mishono kulia, inayofuata laza kushoto, ili zikikutana zikamatane bila kurundikana.

Kisha tandaza matabaka matatu: kitambaa cha chini uso ukitazama sakafu, pamba ya katikati, halafu kazi yako juu. Chini na pamba viwe vikubwa kuliko juu kwa sentimita kadhaa kila upande. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda nje, kamwe si kutoka pembeni kwenda katikati, la sivyo utausukuma mkunjo mpaka ukose pa kutokea.

Hapa ndipo nilipozama mwaka ule wa pini. Kushona mistari midogo midogo kwa mkono katika matabaka yote matatu ni kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokula siku. Lakini kuna njia halali ya kale: kufunga mafundo. Unapitisha uzi mnene wa pamba chini kwa hatua ndogo, unautoa juu, unarudia hapo hapo, unafunga fundo mbili, kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, na kuacha vishada vya sentimita 2. Kwenye mfarishi huu wa meza, pale ambapo pembe nne za viraka zinakutana, kuna sehemu 33. Mafundo 33 ni jioni moja. Soma tu maelezo ya pamba uliyonunua uone inaruhusu nafasi ya kiasi gani kati ya fundo na fundo. Kama inataka nafasi ndogo kuliko sentimita 10, ongeza fundo katikati ya kila kiraka. Uzi mwekundu juu ya viraka vyeupe, vile vishada vikisimama, vinapendeza mno. Sijaona mtu asiyevigusa.

Soksi ya Krismasi inahitaji maneno machache, ila yote ni muhimu. Tarizi jina kabla ya kukata umbo, kwa sababu fremu inahitaji kitambaa kipana cha kushika na kingo iliyokwisha kukatwa hufumuka nyuzi ukiishika shika. Kata kipande cha mbele na cha nyuma vikitazamana, si viwili vya upande mmoja. Bitana ishone kwa mshono unaoingia ndani kidogo kuliko wa nje, milimita 2 au 3 zaidi, iwe nyembamba kidogo, isijikunje ndani. Kwenye mkunjo wa kisigino na juu ya wayo toa vipande vidogo kwa ncha ya mkasi hadi karibu na mshono, ndipo ugeuze. Na kitanzi cha kutundikia kipite ndani ya mshono kabisa, ukirudie mara tatu. Soksi iliyojaa ni nzito.

Mapambo ya feliti, kitambaa kizito kisichofumwa, ndiyo pumziko langu, hayafumuki nyuzi, hayahitaji pindo. Nyuzi za kung'aa za dhahabu zikate fupi, sentimita 30, na utumie sindano yenye tundu kubwa. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, acha shanga na vifungo, tarizi macho kwa uzi. Na kitu chochote cha kitambaa kiwe mbali na mshumaa.

Kabla ya kufunga zawadi, geuza upande wa nyuma, kwenye kona, ushone kijitambaa cheupe chenye jina la mpokeaji, lako, na mwaka. Ni dakika kumi na tano. Mfarishi wa dada yangu nao unacho, na nilitarizi miaka yote miwili, ule nilioanza na ule niliomaliza. Sikukuu ikiisha huwa anaukunja kwa mstari tofauti na wa mwaka uliopita ili pamba isivunjike mahali pamoja, anauingiza kwenye foronya ya pamba, si mfuko wa plastiki, na kuuweka mahali pakavu. Desemba iliyopita alinipigia simu kuniambia mshono mmoja umelegea upande wa dirisha, niende na sindano.