Kwa wadogo zangu mnaosomea ufugaji wa samaki Ghent, Ubelgiji

Wadogo zangu mlioko kampasi ya Coupure, na nyie mnaosubiri viza,

Rasimu za tasnifu mlizonitumia nimezisoma zote. Ahsanteni kwa kuniamini. Lakini tangu nizisome roho haijatulia, maana kosa ni lile lile, na limeandikwa na watu wasiojuana, mmoja katokea Morogoro, mwingine Eldoret, mwingine Makerere: tangi moja kwa chakula A, moja kwa chakula B, moja kwa chakula C, samaki 30 kila tangi, halafu ANOVA, ile hesabu ya takwimu ya kulinganisha wastani wa makundi. Njia hiyo naijua mpaka inapoishia. Naanza na hilo, na nitakaa hapo kwa muda.

1. Kinachohesabiwa ni tangi, si samaki

Majaribio yangu niliyafanyia nyumbani, kama wengi wenu mnavyopanga. Mada ilikuwa chakula cha sato: kupunguza unga wa dagaa na kuongeza mashudu ya alizeti. Bado naipenda mada ile. Dagaa wanagombewa na watu, kuku na samaki, na mwenye bwawa moja nyuma ya nyumba hawezi kushindana na kiwanda kwa bei. Kituo kilinipa matangi matatu ya saruji. Vyakula vitatu, matangi matatu. Nikaona Mungu kanipangia.

Siku ya kugawa vifaranga, mlinzi wa kituo, mzee aliyekuwepo pale tangu matangi yanajengwa, alisimama akinitazama, kisha akauliza: "Mwanangu, na vile vizimba vya chandarua vilivyo stoo huvitaki? Wenzako waliokutangulia walivitumia." Nikamjibu, "Ahsante mzee, haya yananitosha." Nikatuma picha kwenye kundi letu la darasa. Mwenzangu Mvietinamu, aliyefanya kazi ya kutotolesha vifaranga kabla ya kuja masomoni, akaandika: "Kila chakula tangi moja tu?" Nikamwekea kidole gumba. Promota, yaani profesa anayenisimamia, akaandika akiomba mchoro wa majaribio. Nikamjibu kwamba kazi imeanza vizuri na nitamletea matokeo.

Nimejiuliza sana kwa nini nilijibu hivyo. Nililelewa, kama nyinyi, kwamba kwa mwalimu huendi na kazi mbichi. Unaisafisha kwanza, unaipanga, unaibeba kwa mikono miwili. Kumpelekea profesa mchoro wa kalamu ya risasi na kumwambia "hapa sijui" nilikuona ni kumvunjia heshima, na kujivunjia mimi mwenyewe. Kumbe yule mtu alikuwa anangoja mchoro huo huo wa kalamu ya risasi.

Kazi niliifanya kwa moyo, hilo halikosi ushahidi. Alfajiri nafyonza uchafu kwa mpira, napima joto na oksijeni, napima chakula kwa gramu. Siku za kupima uzito tulikuwa tunawalaza samaki kwenye ndoo ya maji yenye matone ya mafuta ya karafuu, wanalegea, wanageuka ubavu, tunawaweka mmoja mmoja kwenye mizani na kuwarudisha kwenye maji safi mpaka matamvua yaanze kupumua tena. Mikono ilinuka karafuu mpaka usiku. Sikukosa siku. Na tangi la chakula C, lenye mashudu mengi, lilikuwa linakua vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nikarudi Ghent na grafu nzuri. Promota akaitazama, akauliza, "Marudio mangapi?" Nikasema 30. Akauliza tena, taratibu, "Matangi mangapi kwa kila chakula?" Nikasema moja. Akaweka karatasi mezani.

Alinieleza bila ukali. Samaki 30 wa tangi moja wanakunywa maji mamoja, wanapata jua moja, wanaugua pamoja, na dume mmoja mkorofi anawanyima chakula wote. Ukipika sufuria moja ya pilau ukawaonjesha watu 30, bado umepika pilau mara moja. Tangi langu la C lilikuwa pembeni, linapigwa jua la asubuhi, na maji yake yalikuwa na joto zaidi. Namba hizo zilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe. Sato wale walikua kwa mashudu au kwa jua? Hakuna takwimu inayoweza kutenganisha hayo mawili baada ya kazi kwisha. ANOVA itakupa jibu ukiilazimisha, na jibu hilo litakuwa la uongo.

Muda wa kurudia haukuwepo, wala fedha. Nikaandika upya tasnifu yote kama maelezo tu ya yaliyoonekana, na ile sentensi niliyotaka kuipeleka kwa wafugaji nyumbani, kwamba mashudu kiasi fulani yanafaa, nikaifuta kwa mkono wangu. Nilifaulu. Lakini sentensi ile mpaka leo sina haki ya kuisema, na samaki wote wale walipimwa bure. Vizimba vya mzee vingetosha kuniokoa: vizimba vitatu ndani ya kila tangi, kila tangi lenye A, B na C, nafasi zimepangwa kwa kura. Jua la asubuhi lingewapiga wote sawa.

Kwa hiyo: matangi matatu kwa kila chakula ndiyo kima cha chini, manne ni bora. Pangeni kwa kura, si kwa safu. Na angalieni mtego huu mwingine, nimeuona kwenye rasimu mbili: ukiunga matangi yote ya A kwenye mfumo mmoja wa kuzungusha maji na yote ya B kwenye mfumo wa pili, umerudi pale pale, una mifumo miwili inayolinganishwa. Choreni kwa kalamu ya risasi, mpelekeeni promota kabla hamjanunua kifaranga hata mmoja, na mkiona aibu nitumieni mimi kwanza.

2. Artemia

Maabara yetu ya Ghent imejengwa tangu 1978 juu ya kijidudu hiki cha maji ya chumvi, chakula cha larva, yaani samaki na kamba wachanga kabisa, kwa hiyo mtatotolesha mpaka mkome. Vipimo mnavyo kwenye notsi: gramu 2 za sisti (mayai makavu ya Artemia) kwa lita, nyuzi 28, maji ya chumvi, mwanga, hewa ya nguvu, saa 24. Kinachowashinda wageni ni dakika kumi za mwisho. Anafika, anaona maji yamekuwa rangi ya chungwa, anafurahi, anafungua bomba, anamwaga kila kitu kwa larva. Maganda ya sisti yanaingia tumboni mwa larva na kuziba utumbo, halafu kesho yake analia kwamba sisti ni mbovu.

Zima hewa. Funika juu ya koni, chombo cha kutotoleshea chenye ncha chini, mulika chini, kwa sababu naplii, Artemia walioanguliwa sasa hivi, wanafuata mwanga. Subiri. Utaona tabaka tatu zikijitenga zenyewe: maganda ya kahawia yanaelea juu, sisti ambazo hazijaanguliwa zinalala chini kabisa kwenye ncha, na naplii wanajikusanya juu yake kidogo kama wingu la chungwa linalotembea. Fungua bomba kidogo, tupa mkondo wa kwanza wenye sisti, kisha kusanya chungwa, kisha funga kabla maganda hayajashuka. Suuza. Usiende kunywa chai katikati ya kazi hii, maana naplii waliorundikana bila hewa wanakufa haraka sana. Na usiwaweke mpaka kesho: saa nane hivi baada ya kuanguliwa wanajivua ngozi, kiini chao kimeliwa, na unachomlisha larva ni kiumbe kilichochoka, isipokuwa umewalisha virutubisho kwanza.

Sehemu kubwa ya sisti zinazouzwa duniani inatoka Great Salt Lake kule Utah na bei yake mnaijua. Lakini kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi Artemia walipandikizwa miaka ya 1980. Mwenye kutafuta mada, aanzie hapo kabla ya kukimbilia kwingine. Namwomba kabisa.

3. Bayofilta mpya, lile chujio la bakteria wanaosafisha maji, inahitaji mwezi na zaidi kukomaa, kwa hiyo kalenda ya tasnifu inaanza kuhesabiwa kutoka hapo, si siku ya kuweka samaki.

4. Ukiona amonia, ile inayotokana na uchafu wa samaki, imepanda, soma pH na joto kabla ya kubadilisha maji yote. Iliyo na sumu ni ile sehemu isiyo ya ioni, na kwa pH 7 ni ndogo mno.

5. Mtihani wa mdomo

Alama ni kwa 20, kufaulu ni 10, na ukianguka Januari au Juni una nafasi ya pili mwishoni mwa kiangazi cha Ulaya. Hayo mnayajua. Ninachoona ni kwamba vijana wetu, wenye akili kweli kweli, wanaingia kwa profesa, wanaandika jibu zuri kwenye karatasi, halafu wanakaa kimya wakisubiri karatasi isomwe. Karatasi ile ni maandalizi tu. Yeye anataka kukusikia ukifikiri. Akikukatiza hajakasirika, amevutiwa. Fanyeni mazoezi jikoni kwenye kot, makazi yenu ya wanafunzi, mmoja aulize, mmoja ajibu kwa sauti, kwa Kiingereza, hata sufuria ikiwa motoni. Dada mmoja wa Kisumu alikuwa anamweleza mwenzake wa chumba, anayesomea sheria, jinsi bakteria wa Vibrio wanavyoua larva wa kamba. Mwanasheria yule alikuja kuielewa kuliko baadhi ya darasa letu, na dada yule mtihani wake ulimwendea kama mazungumzo.

6. Andika jina lako kwenye kengele ya mlango siku unayohamia. Polisi wa mtaa atakuja kuhakikisha unaishi pale, na asipoliona jina ataondoka. Bila yeye hupati kadi ya ukaazi, na bila kadi kila kitu kinakwama.

7. Zamu za wikendi

Ukiombwa kumlishia mwenzako samaki Krismasi, kubali, na timiza. Samaki hawana Krismasi. Wanafunzi wa Bangladesh, Ethiopia na Ekuado niliowasaidia zamu ndio hao hao ninaowapigia simu leo nikikwama na ugonjwa wa vifaranga, na wananijibu usiku wa manane wa kwao. Asiyefika kwenye zamu yake anajulikana maabara nzima, na jina hilo halimtoki.

8. Samoni

Mtamsikia kila siku, mtaonyeshwa video za Norwei na Uskoti, na ni kazi ya ajabu inayostahili kusomwa. Someni jinsi walivyojenga chanjo, jinsi wanavyohesabu chawa wa samaki, jinsi wanavyoacha eneo lipumzike kabla ya kuweka samaki tena. Vizimba vinaongezeka Ziwa Victoria kila mwaka, na swali la kupumzisha eneo litatufikia. Ila msirudi na tasnifu ya samaki anayetaka maji ya baridi mkitegemea kuajiriwa Mwanza.

9. Kabla ya kuondoka, ombeni maelezo ya kila kozi yenye saa na mada, si matokeo peke yake. TCU kwa Tanzania na CUE kwa Kenya, yaani tume za vyuo vikuu, watahitaji nyaraka ili kuitambua shahada yenu, na kuomba karatasi ukiwa bado Ghent ni mwendo wa dakika chache, ukiwa Bukoba ni barua pepe zisizokwisha. Pigeni nakala mbili, moja mwachieni mtu mnayemwamini.