Boksi jipya, kalibu ya zamani

Swali: Shikamoo fundi. Naunda modeli za ndege za plastiki, skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Bei inapanda kila mwaka, nikadhani ubora nao unapanda. Juzi nimepokea Mustang niliyoagiza: boksi linang'aa, lakini mabawa hayakai kwenye bodi na kingo zimejaa plastiki iliyovuja. Puti imeisha kabla ya ndege. Nimeibiwa? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Kampuni siitaji hapa, ila kwa picha ulizotuma, umeuziwa kalibu ya zamani, yaani moldi ya kutengenezea plastiki, ndani ya boksi jipya.

Mimi kazi yangu ni moldi za beseni na madumu, na hesabu ni ileile. Polistirini, yaani plastiki iliyomo humo, ni ya pesa ndogo mno. Unacholipia ni chuma: kalibu inachongwa kwa mashine za kompyuta na za cheche za umeme, kisha fundi anakaa nayo kuisugua mpaka ing'ae. Gharama hiyo inagawanywa kwa idadi ya modeli zitakazouzwa. Beseni hununuliwa kila nyumba. Ndege ya vita ya mwaka 1943 inanunuliwa na mimi na wewe.

Kalibu nayo huchoka. Nusu zake mbili hubanwa kwa nguvu, plastiki ya moto inasukumwa ndani, na kila pigo linakula kingo kidogo. Ikifika mahali hazifumbani sawasawa, plastiki inachuruzika pembeni kama uji uliofurika sufuria. Pitisha ukucha juu ya bawa. Mistari ya maungio ya bati ikiwa imeinuka, huenda kalibu hiyo ina umri kukuzidi. Za siku hizi mistari huzama ndani.

Jina la kampuni peke yake halikusaidii. Airfix ya Uingereza ilitoa modeli yake ya kwanza ya Spitfire, ndege ya kivita, mwaka 1953 na imeichonga upya mara kadhaa tangu hapo, kwa hiyo "Spitfire ya Airfix" inaweza kuwa kitu chochote. Angalau za zamani wanaziuza pia kwa jina la Vintage Classics, mtu ajue. Revell ya Ujerumani nayo imewahi kufunga plastiki ya Hasegawa ya Japani kwenye maboksi yake. Kabla ya kulipa, fungua tovuti ya Scalemates uone kalibu ilichongwa lini na imepitia maboksi mangapi. Mimi kalibu ya zamani silipii bei ya mpya, hata picha ya boksi iwe nzuri vipi.

Ukitaka nafuu, tazama Eduard ya Cheki. Toleo la Weekend lina plastiki ileile ya ProfiPACK, toleo lake la bei zaidi; unachokosa ni vipande vya shaba, karatasi za kuzibia rangi na stika kadhaa. Na agizeni wawili watatu pamoja, maana VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya nauli vilevile.

Hiyo Mustang usiitupe. Bandika msasa kwenye kioo, usugue nyuso za maungio hadi zilale bapa, ukijaribisha kabla ya gundi. Bawa likiwa limepinda, lichovye kwenye maji ya moto yasiyochemka. Polistirini hulegea karibu na nyuzi 100, ukizidisha utatoa kijiko.